Mtu Mwenye Siku Nyingi za Kuzaliwa

Kaka yangu ana miaka miwili ya kuzaliwa. Wa kwanza anaujua mama, aliyeshikwa uchungu jioni akajifungua alfajiri, masika ikiwa imekata barabara. Wa pili umeandikwa kwenye cheti kilichopatikana alipokuwa kidato cha pili, baada ya mwalimu wa michezo kugundua kwamba mguu wake wa kushoto ungeweza kumfikisha mbali, tatizo likiwa moja tu: amewahi mno kuzaliwa. Wakampunguza miaka mitatu. Nyumbani tulicheka hadi machozi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa karatasi kaka yangu mkubwa akawa amenizidi mwaka mmoja. Mama hakucheka. Aliuliza ile miaka mitatu imekwenda wapi.

Swali hilo limenirudia tangu niliponunua, kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya njia pale Posta, tawasifu ya mrushaji wa besiboli wa Marekani aliyeitwa Satchel Paige. Kitabu kinaitwa Maybe I'll Pitch Forever. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1962, Paige akisimulia na mwandishi wa habari David Lipman akiandika. Nilikinunua kwa bei ya soda mbili kwa sababu mtu aliyekuwa kwenye jalada alinikumbusha babu mmoja wa mtaani kwetu, mrefu, mkavu, mwenye uso wa mtu anayejua jambo lako na hatakuambia.

Kwa ambaye hajawahi kutazama besiboli (mimi mwenyewe nimeitazama kwa macho mara moja tu, kwenye uwanja wa Azania Sekondari, ambako mchezo huo umepandwa kwa juhudi za Wajapani), inatosha kujua hili. Mrushaji husimama juu ya kituta, mita kumi na nane na kidogo kutoka kwa mpigaji mwenye gongo. Kazi yake ni kumpitishia mpira asiuguse, au auguse vibaya. Watu wengine wote uwanjani wanamsubiri. Kandanda ina filimbi na saa, lakini besiboli ya zama zile haikuwa na saa. Muda ulikuwa mkononi mwa mrushaji, na hakuna kilichoanza mpaka yeye aamue kuanza.

Paige alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa na mtindo mmoja wa kurusha ambao mguu unakanyaga mbele, mwili unakwenda, halafu mkono unasita, unakaa nyuma kwa kitambo kifupi kama mtu aliyesahau kitu, ndipo mpira unatoka. Mpigaji huwa ameshapiga hewa. Alipoingia Ligi Kuu mwaka 1948 na kuutumia, wapigaji walilalamika, na rais wa ligi, Will Harridge, akaupiga marufuku. Nimesoma maelezo mengi kuhusu mikono ya Paige, kasi yake na uwezo wake wa kupitisha mpira juu ya kitu kidogo kama karatasi ya ubani wa kutafuna. Kwangu mimi yote yamo katika kule kusita. Ni mtu aliyetengeneza maisha kwa kumfanya mwenzake asijue wakati.

Na jambo la kwanza ambalo hakutaka mtu alijue wakati wake ni kuzaliwa kwake.

Cheti kipo. Leroy Robert Page, Mobile, jimbo la Alabama, tarehe 7 Julai 1906. Herufi ya i iliingizwa baadaye na familia. Alikuwa mtoto wa saba kati ya kumi na wawili. Baba alikuwa mtunza bustani, mama alifua nguo za watu. Jina la Satchel, yaani begi, linasemekana lilitokana na kubeba mizigo ya abiria stesheni akiwa mtoto, mabegi kadhaa kwa mpigo yakining'inia kwenye mti na kamba. Rafiki yake wa utotoni alikuwa na maelezo mengine: kwamba aliitwa hivyo siku alipokamatwa akijaribu kuiba begi mojawapo. Tawasifu inachagua lile la kwanza. Nisingemlaumu mtu yeyote kwa uchaguzi huo.

Lakini kuhusu tarehe, Paige hakuchagua kabisa. Kwa miongo mitatu aliwapa waandishi wa habari tarehe moja leo na nyingine kesho. Maarufu kuliko zote ni hadithi ya mbuzi: kwamba siku yake ya kuzaliwa iliandikwa ndani ya Biblia ya familia, na Biblia ikaliwa na mbuzi. Mwaka 1959 mama yake mzazi alimwambia mwandishi mmoja kwamba mwanawe ana miaka miwili zaidi ya ile iliyokuwa ikitajwa. Katika kitabu Paige analijibu hilo kwa upole wa mtoto anayemheshimu mama: mama ameshakuwa mzee sana, na wazee husahau. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu kwenye daladala, kisha nikanyamaza, maana nilikuwa nimesikia sauti ya nyumbani kwetu.

Kitabu hiki kina sifa mbaya miongoni mwa wanaopenda ukweli mtupu, na wana haki yao. Anadai michezo zaidi ya 2,500, ushindi zaidi ya 2,000, na timu nyingi kiasi kwamba hesabu yake inasikika kama ya mvuvi. Mfano bora ni hadithi ya Josh Gibson. Mwaka 1942, timu ya Paige, Kansas City Monarchs, ilikutana na Homestead Grays katika fainali za Ligi za Weusi. Gibson wa Grays alikuwa mpigaji mkubwa kuliko wote wa upande wao, rafiki wa zamani wa Paige tangu walipokuwa pamoja Pittsburgh Crawfords. Paige anasimulia kwamba katika mchezo wa pili, kukiwa na mtu mmoja kwenye besi, aliamua kwa makusudi kuwapa wapigaji wawili waliofuata besi za bure, ili besi zote tatu zijae na amkabili Gibson hapo, mbele ya watu wote. Kisha akamtangazia kila mpira kabla ya kuurusha, na akamtoa kwa mipira mitatu.

Magazeti ya siku zile yanasema besi zilijazwa kwa mipigo ya kawaida. Yaani Paige hakuzijaza kwa jeuri. Alikuwa amebanwa. Gibson alitolewa kweli, kwa mipira mitatu kweli. Kilichobadilishwa ni sababu.

Wachambuzi wengi wa michezo huishia hapo: tazama, anadanganya. Mimi naomba tukae kidogo. Uongo wa Paige hauongezi ushindi, kwa sababu ushindi ulikuwepo. Hauongezi umahiri. Unaongeza kitu kimoja tu, nacho ni hiari. Katika hadithi yake, hatari ilikuja kwa sababu yeye aliiita. Mtu aliyezaliwa Alabama mwaka 1906 na ngozi nyeusi alikuwa na vitu vichache sana alivyoweza kusema vimetokea kwa sababu yeye alitaka. Ukishaliona hilo kwenye hadithi ya Gibson, utaliona kila ukurasa, na hapo ndipo kitabu kinapoanza kuuma.

Chukua Mount Meigs. Mwaka 1918, akiwa na miaka kumi na miwili, alikamatwa kwa wizi mdogo wa dukani, na kwa kuwa alikuwa pia mtoro wa shule, alipelekwa kwenye shule ya kurekebisha watoto Weusi iliyoko Mount Meigs. Alitoka Desemba 1923. Ni huko ambako kocha Edward Byrd alimfundisha kuinua mguu juu hadi kuficha uwanja na kuutupa mkono mbele kana kwamba unaachia mpira usoni mwa mpigaji. Katika tawasifu, Paige anaieleza miaka ile mitano kama biashara: alitoa uhuru wake, akapewa ufundi wa kurusha. Anasema hivyo bila kinyongo, karibu kwa shukrani.

Hapa ndipo ninapogombana na kitabu. Biashara ina watu wawili wanaokubaliana bei. Mtoto wa miaka kumi na miwili hakuketi na mtu yeyote kupatana chochote. Vijidude vya dukani, na miaka mitano na miezi. Lipman, aliyekuwa ameshika kalamu, angeweza kuuliza swali moja zaidi. Hakuuliza, au aliuliza akajibiwa kwa kichekesho, na kichekesho kikawa ukurasa. Sijui kipi ni kibaya zaidi kwa mwandishi wa maisha ya mtu: kuongeza uongo wake, au kufurahia wa msimuliaji kiasi cha kuacha kazi.

Lakini lazima niwe mwaminifu kwa kitabu pia. Zipo kurasa ambazo mzaha unakatika, na kwa kuwa umezoea mzaha, ukimya wake unasikika kama umeme uliokatika. Moja ni mwaka 1938, alipokwenda Mexico na mkono ukafa. Mkono wake ndio uliokuwa shamba, duka na cheti chake, na madaktari wakamwambia basi. Wenye timu waliokuwa wakigombana juu yake mwaka mmoja kabla (mwaka 1937 aliitoroka timu yake akaenda Jamhuri ya Dominika, kuchezea timu ya jiji ambalo dikteta Trujillo alikuwa amelipa jina lake mwenyewe) hawakumpigia simu tena. Aliyempa kazi alikuwa J. L. Wilkinson, mzungu mwenye Kansas City Monarchs, aliyemweka kwenye timu ya pili iliyozunguka miji midogo. Watu walilipa kuona jina. Paige alirusha polepole kama mzee, maumivu yakimpanda hadi shingoni. Kisha siku moja mkono ukarudi. Hajui kwa nini, wala hajaribu kutunga sababu. Katika kitabu kizima chenye maelezo ya kila kitu, muujiza mkubwa kuliko yote ndio pekee alioacha bila maelezo, na ndiyo maana ninauamini.

Ukurasa mwingine ni wa Jackie Robinson. Mwaka 1947 Brooklyn Dodgers walimwingiza Robinson uwanjani, na kizuizi cha rangi kilichokuwa kimewafungia Weusi nje ya Ligi Kuu tangu karne ya kumi na tisa kikavunjika. Robinson alikuwa na miaka ishirini na minane, amesoma chuo kikuu, amekuwa ofisa wa jeshi, na alikuwa amecheza na Monarchs kwa kipindi kifupi tu. Paige alikuwa amekaa barabarani zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa amezunguka nchi na timu ya Bob Feller mwaka 1946, wazungu dhidi ya Weusi, mji baada ya mji. Mwaka 1935, kule Bismarck, North Dakota, alikuwa amechezea timu iliyochanganya rangi na kushinda nayo mashindano ya taifa ya timu za nusu-kulipwa, miaka kumi na miwili kabla ya Robinson. Mbele ya waandishi alimsifu Robinson. Katika kitabu anakiri kwamba iliuma, na iliuma chini kabisa, kwa sababu watu waliokuja kuuliza kama Mweusi anaweza kucheza na wazungu walikuwa wamejibiwa na mkono wake.

Hapo hakuna mbuzi, hakuna Biblia. Ni mtu mzima wa miaka arobaini anayehesabu.

Alipopata nafasi, alikuwa amefikisha arobaini na mbili. Bill Veeck, mwenye Cleveland Indians, alimsajili tarehe 7 Julai 1948, siku ile ile ya kuzaliwa iliyoko kwenye cheti cha Mobile, akawa mchezaji mgeni mzee kuliko wote katika historia ya Ligi Kuu. Mhariri wa The Sporting News, J. G. Taylor Spink, aliandika kwamba hiyo ni mbinu ya kuvuta watu na inaushusha hadhi mchezo. Watu walivutwa kweli. Mara ya kwanza Paige alipoanzishwa, Agosti 3, walikuja zaidi ya 72,000. Kabla msimu haujaisha alikuwa ameshinda michezo sita na kupoteza mmoja, na Cleveland walichukua ubingwa wa zile fainali ambazo Wamarekani, kwa unyenyekevu wao, huziita za dunia. Paige alikuwa mrushaji Mweusi wa kwanza kusimama kituta cha fainali hizo. Alipewa wapigaji wawili tu, kisha akarudishwa benchi. Miaka ishirini ya kungoja, watu wawili.

Rekodi yake yote ya Ligi Kuu, kama ilivyohesabiwa kwa muda mrefu, ni ushindi 28 na kushindwa 31. Ukimwonyesha mtu asiyejua, atasema huyu alikuwa wa kawaida. Mwaka 2020 wasimamizi wa besiboli ya Marekani walitangaza kwamba zile ligi za Weusi nazo zilikuwa ligi kuu, na mwaka 2024 takwimu zake zikaingizwa kwenye vitabu rasmi. Ni jambo jema, na limechelewa kwa namna ambayo Paige mwenyewe angelitungia kichekesho. Sehemu kubwa ya maisha yake bado haimo, kwa sababu haikuchezwa kwenye ligi yoyote: ilichezwa kwenye malisho ya ng'ombe, viwanja vya maonyesho, miji isiyokuwa na hoteli ya kumlaza. Huko hakukuwa na mwenye kalamu. Kulikuwa na yeye tu, na alisimulia.

Kitabu cha pili ninachopaswa kukitaja ni wasifu wa Larry Tye, Satchel, wa mwaka 2009. Tye ni mwandishi wa habari wa shule ya zamani. Alihoji mamia ya watu, alifukua nyaraka, na anamwona Paige kama mtu aliyejua hasa anachokifanya nyuma ya mzaha, mtu aliyeandaa njia ambayo Robinson aliipita. Nakiheshimu. Kila tarehe niliyoitaja hapa niliipima kwanza kwake. Hata hivyo nilipokimaliza nilijisikia kama mtu aliyeonyeshwa jinsi mazingaombwe yanavyofanyika. Ukishakuwa na cheti mkononi, tarehe nyingine zote zinakuwa makosa ya kusahihisha. Mimi nadhani ni hoja. Mtu anapomwambia mwandishi kwamba umri wake umeliwa na mbuzi, anajibu swali ambalo mwandishi hakuuliza kwa sauti: ungekuwa na miaka mingapi leo kama tungekuruhusu ucheze ulipokuwa kijana? Swali hilo lina jibu la hasira na jibu la kuchekesha. Paige aliona jibu la hasira linavyowafanyia wenzake. Josh Gibson alikufa Januari 1947, na miaka thelathini na mitano tu, miezi mitatu kabla ya Robinson kuingia uwanjani.

Wapo waliomchukia Paige kwa jibu lake. Baadhi ya wachezaji Weusi wa kizazi cha Robinson waliona ule mwendo wake wa kujikokota kuelekea kituta, zile hadithi, ule usingizi wa kujifanya, kama kuwapa wazungu kile walichokuja kukiona. Sidhani walikosea. Tazama Septemba 25, 1965. Charlie Finley, mwenye Kansas City Athletics, timu iliyokuwa mkiani na isiyopata watazamaji, alimsajili Paige kwa mchezo mmoja dhidi ya Boston Red Sox. Alimwekea kiti cha kubembea kando ya uwanja, na nesi mwenye sare nyeupe ya kumsugua mkono. Ni kichekesho cha Finley, kwa fedha za Finley, juu ya mwili wa mzee Mweusi. Nikiitazama picha ile mpaka leo shingo inanikakamaa.

Kisha mchezo ukaanza. Kwa cheti cha Mobile alikuwa na miaka 59. Alirusha zamu tatu nzima. Mtu mmoja tu, Carl Yastrzemski, ndiye aliyempiga mpira wa maana. Hakuna aliyepata alama. Alipokwisha kutoka, taa za uwanja zilizimwa, na watu kama elfu tisa waliokuwepo wakawasha viberiti wakamwimbia wimbo wa farasi jike mzee. Kwa hiyo tuna kiti cha kubembea, na tuna zamu tatu bila alama, usiku uleule. Mchambuzi anayetaka kumwokoa Paige atachukua zamu tatu, na anayetaka kumhukumu atachukua kiti. Paige alikikalia kiti akijua kwamba atainuka.

Kuna jambo la mwisho ambalo tawasifu haikuweza kulisema, kwa kuwa ilitoka mapema. Paige alikuwa amepungukiwa siku 158 tu za kazi ya Ligi Kuu ili apate pensheni ya wachezaji. Aliziandikia timu. Mwaka 1968 Atlanta Braves ndio waliomwajiri kama mshauri na kocha, hasa ili siku zile zitimie. Huyu ndiye mtu aliyejaza viwanja kwa miaka arobaini: anaomba siku. Miaka mitatu baadaye, 1971, alipochaguliwa kuingia kwenye makumbusho ya mashujaa wa besiboli, Cooperstown, mpango wa kwanza ulikuwa kuwaweka wachezaji wa Ligi za Weusi kwenye sehemu yao ya pembeni. Kelele zilipigwa, na mpango ukaachwa. Anakumbukwa kwa kusema kwamba wamemtoa kwenye uraia wa daraja la pili wakamfanya asiyekufa wa daraja la pili. Alikufa Juni 1982, Kansas City, mwenye miaka 75, au yoyote uliyopewa.

Nilipokuwa nikisoma haya nilikumbuka watoto wa Kampala. Mwaka 2011 timu ya besiboli ya watoto wa Uganda ilishinda mashindano ya kanda na kufuzu kwenda fainali za dunia za watoto huko Williamsport, Pennsylvania. Ingekuwa timu ya kwanza kutoka Afrika. Marekani iliwanyima viza, kwa sababu tarehe za kuzaliwa kwenye karatasi zao hazikulingana. Mwaka uliofuata timu nyingine ya Uganda, kutoka Lugazi, ilifika. Wale wa kwanza walibaki nyumbani. Inawezekana wamo waliokuwa vijeba. Mimi ni dada wa kijeba, siwezi kujifanya sijui mambo haya yanavyotengenezwa. Inawezekana vilevile wamo ambao mama zao walikumbuka mvua na si tarehe. Karatasi haiwezi kuwatofautisha hawa wawili, na mtu aliyekaa nyuma ya kioo cha dirisha la viza hana muda wa kusikiliza habari za mvua.

Tofauti kati ya Paige na kaka yangu ninaijua, hakuna haja ya mtu kunikumbusha. Paige alikuwa na kipaji ambacho nchi nzima ilikinyima ligi. Kaka yangu alikuwa na mguu mzuri wa kushoto, akacheza daraja la kwanza misimu miwili, goti likaenda. Kuna mtoto mwingine, mwenye umri halali, aliyekosa nafasi ile kwa ajili yake, na jina lake hatulijui. Paige alicheza na siku zake mwenyewe. Kaka yangu alichukua za mtu.

Sasa anaendesha gari la kampuni moja ya usafirishaji. Mwaka jana walipopunguza wafanyakazi alikwenda kufuatilia mafao yake, akaambiwa kitambulisho kina mwaka mmoja na faili la ajira lina mwingine, kwa hiyo kwa mujibu wa kompyuta ni watu wawili, na hakuna hata mmoja anayeweza kulipwa. Ameapa mbele ya wakili. Amerudi mara nne. Kila dirisha wanamwuliza, kwa upole tu, alizaliwa lini.

Nilimpa kitabu cha Paige akasome kwenye foleni. Kiingereza chake si kikubwa, akaniomba nimsimulie, nikamsimulia kuanzia stesheni ya Mobile. Nilipofika kwenye mbuzi aliniomba nirudie. Nikarudia. Hakucheka. Aliuliza kama yule mbuzi aliandikiwa cheti.